Sura ya Sita: Mwajiri wa Zamani Anapodai Alikulipa Kupita Kiasi

Barua ya mwajiri wa zamani inayodai kwamba mfanyakazi alilipwa kupita kiasi huwa fupi. Hutaja kiasi cha fedha, hutaja akaunti ya benki, hutoa siku 7 au 14, na mara nyingi humalizia kwa kumtaja wakili. Yasiyokuwemo ndiyo yenye uzito zaidi: ni miezi ipi iliyolipwa vibaya, mshahara halali ulikuwa kiasi gani, kodi iliyokatwa ilikwenda wapi, na kosa lenyewe lilitokeaje. Anayeipokea, kwa kuwa amezoea kwa miaka kupokea maagizo kutoka ofisi ile ile, huelekea upande mmoja kati ya miwili. Wapo wanaokimbilia kukopa kwenye SACCO ili walipe upesi na kuepuka fedheha, na wapo wanaoitia barua kabatini wakitumaini itasahaulika. Makundi haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yanakosea mahali pamoja, kwa kuwa yote bado yanamwona mwandishi wa barua kama bosi. Siku mkataba wa kazi ulipokwisha, mamlaka ya mwajiri juu ya mfanyakazi yalikwisha pia. Aliyeandika barua hiyo sasa ni mdai kama mdai mwingine yeyote, tena mdai ambaye deni lake, kama lipo, limezaliwa na kosa la ofisi yake mwenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba mdai wa namna hiyo ana wajibu wa kuonyesha hesabu yake kabla hajalipwa hata shilingi moja, na kwamba hesabu hiyo ihusu fedha zilizomfikia mfanyakazi, kwa masharti yanayokumbuka ni nani aliyekosea.

Tuanze kwa kukubali lisilokwepeka. Fedha iliyolipwa kwa makosa, kwa kawaida, hurudishwa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo maneno yake mengi yalitoka katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inasema wazi katika kifungu cha 72 kwamba aliyelipwa fedha kwa makosa anapaswa kuzirudisha. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri, katika kifungu cha 19, kukata kutoka kwenye mshahara kiasi alichomlipa mfanyakazi kwa makosa zaidi ya alichostahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi arudishe ujira wake, kisha inaacha mlango mmoja tu: malipo yaliyozidi kutokana na kosa la kukokotoa ujira huo. Wala mfanyakazi hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba mwajiri alikuwa mzembe. Swali hilo lilijibiwa Uingereza tangu 1841 katika kesi ya Kelly dhidi ya Solari, ambako kampuni ya bima ilimlipa mjane fedha za bima ya marehemu mumewe ilhali bima ilikuwa imekufa kwa kutolipiwa ada, na wakurugenzi walikuwa wamejulishwa jambo hilo wakalisahau. Mahakama ilisema kwamba uzembe wa mlipaji peke yake haumpotezei haki ya kudai chake. Kwa hiyo anayeshauri kwamba kosa ni lao na fedha ni zako anampotosha mwenzake.

Wenye msimamo mkali wa upande wa pili watadakia hapo hapo: dawa ya deni kulipa, basi alipe, mjadala wa nini? Methali hiyo ni ya kweli, ila inahusu deni, na si kila kiasi kinachoandikwa kwenye barua yenye nembo ni deni la mshahara uliozidi. Tazama mlango ulioachwa na sheria ya Tanzania ulivyo mwembamba. Makosa ya kukokotoa ni kama haya: mtu ameacha kazi tarehe 10 lakini orodha ya mishahara ilikuwa imeshafungwa, akalipwa mwezi mzima, posho ya kukaimu iliendelea baada ya mwenye cheo kurudi, malimbikizo ya kupandishwa daraja yalilipwa mara mbili, mtu aliyekwenda likizo bila malipo hakuondolewa kwenye orodha. Katika yote haya kuna kiasi sahihi kinachojulikana na kiasi kingine kilicholipwa, na tofauti kati yao inaweza kuandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari.

Sasa linganisha na mambo ambayo huingizwa kwenye barua hizo kwa jina hilo hilo. Kompyuta ya ofisi iliyopotea si mshahara uliozidi. Ni dai la hasara, na Tanzania dai la hasara lina utaratibu wake mkali: mwajiri aonyeshe kwamba hasara ilitokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aeleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokokotoa, ampe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wa fedha. Ada ya mafunzo ambayo mfanyakazi aliahidi kuirudisha akiondoka kabla ya muda ni dai la mkataba, na linasimama au kuanguka kwa maneno ya mkataba huo. Malipo badala ya notisi, pale mfanyakazi alipoondoka bila kuitumikia, yana kanuni zake. Bonasi iliyotolewa kwa hiari na mkurugenzi aliyekwisha kuondoka, kisha mkurugenzi mpya akaiona kubwa mno, haikuwa kosa hata kidogo. Ulikuwa uamuzi, na uamuzi haugeuki kuwa kosa kwa sababu aliyeurithi haupendi. Likizo ndiyo yenye utata wa kweli. Kenya, mfanyakazi hupata siku 1.75 za likizo kwa kila mwezi wa kazi. Aliyefanya kazi miezi minne amestahili siku saba, na kama alikwishachukua 12 kwa ruhusa, mwajiri ataona siku tano zimelipwa bila kustahiliwa. Hapo jibu liko ndani ya mkataba au kanuni za kazi za kampuni: je, likizo ilitolewa kama mkopo wa kufidiwa, au kama hisani? Nimekaa kwenye tofauti hizi kwa sababu ndizo zinazoamua nani athibitishe nini. Mwajiri anayechanganya hasara, mafunzo na notisi kwenye jumla moja na kuiita malipo yaliyozidi anajipa njia ya mkato ambayo sheria haikumpa.

Hata dai likiwa la aina sahihi, bado linahitaji ushahidi, na hapa mwajiri ana mzigo mkubwa kuliko anavyopenda kukiri. Sheria ya Kenya inamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi hati ya mshahara inayoonyesha ujira kabla ya makato na kila kato lililofanyika. Ya Tanzania inataka taarifa ya namna hiyo pia. Nchi zote mbili zinamtaka mwajiri atunze maelezo ya masharti ya kazi kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma, na zinasema kwamba akishindwa kuyaleta mbele ya sheria, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake. Uzito wake unaonekana ukiuweka kwenye mfano. Mwajiri akisema mshahara wa kweli ulikuwa 800,000 na si 950,000 zilizokuwa zikiingia kwa miezi tisa, swali la kwanza ni hili: barua ya ajira au ya kupandishwa cheo inasemaje? Kama hawezi kuionyesha, miezi tisa ya hati za mshahara zenye 950,000 ni ushahidi mzuri kwamba huo ndio uliokuwa mshahara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa aliyepewa kazi ya kutunza daftari ni mwajiri.

Kuna pingamizi la kiutendaji linalosikika mara nyingi: ofisi ina programu ya mishahara, ina mhasibu, ina mkaguzi, mfanyakazi mmoja ana nini cha kuwabishia? Serikali ya Kanada imelijibu pingamizi hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2016 ilianza kutumia mfumo mpya wa mishahara uitwao Phoenix, uliojengwa kwa kushirikiana na IBM, kwa ajili ya watumishi wa umma wapatao 300,000. Kazi ya kushughulikia mishahara ilikusanywa katika kituo kimoja kwenye mji wa Miramichi, na maofisa wengi wazoefu wa mishahara waliokuwa wametawanyika katika wizara waliondolewa. Matokeo yake, makumi ya maelfu ya watu walilipwa pungufu, wengine hawakulipwa kabisa, wengine walilipwa kupita kiasi, na wapo ambao yote matatu yaliwapata kwa nyakati tofauti. Mwaka 2018 Mkaguzi Mkuu wa nchi hiyo aliueleza mradi huo kuwa ni kushindwa kusikoeleweka kwa usimamizi na uangalizi. Walioacha au kustaafu waliandikiwa barua za kudai fedha miaka kadhaa baadaye, na baadhi yao walipozichunguza walikuta mfumo uliokosea kuwalipa ndio huo huo uliokokotoa deni. Ikiwa serikali yenye uwezo kama ule imeweza kukosea hesabu ya mshahara na kisha kukosea hesabu ya marekebisho, hakuna sababu ya kuamini bila kuuliza kwamba shule binafsi, hoteli au kampuni ya usafirishaji haiwezi. Kwetu pia si jambo geni. Taarifa za wakaguzi wakuu wa hesabu wa Tanzania na Kenya zimekuwa zikirudia kutaja mishahara iliyoendelea kulipwa kwa watumishi waliostaafu, walioacha kazi au waliofariki, na chanzo kinachojitokeza mara kwa mara ni taarifa ya kuondoka kuchelewa kufika kwa anayeendesha orodha ya malipo. Mfanyakazi hana uwezo juu ya ucheleweshaji huo.

Kanada inatufundisha jambo la pili, nalo ndilo ninaloona limepuuzwa zaidi Afrika Mashariki. Watumishi waliolipwa kupita kiasi, mwaka wa kodi ukishapita, walitakiwa kurudisha kiasi chote kabla ya makato, yaani pamoja na kodi na michango ambayo haikuwahi kuwafikia. Ilibidi warudishe mfukoni mwao fedha zilizokwenda kwa mamlaka ya kodi, kisha waanze kuzifuatilia huko wenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2019 sheria ya kodi ikarekebishwa, ikihusu malipo yaliyofanyika baada ya 2015, ili mfanyakazi arudishe kile tu kilichoingia mkononi mwake na mwajiri amalizane na mamlaka ya kodi. Bunge halikufanya hivyo kwa huruma tu. Liliona kwamba mwajiri ndiye mkataji na mpelekaji wa kodi, ndiye mwenye kumbukumbu, na ndiye anayeweza kurekebisha.

Chukua mfanyakazi wa Nairobi ambaye mshahara wake halali ni shilingi 90,000 kwa mwezi, akalipwa 110,000 kwa miezi mitatu kwa kuwa posho ya kukaimu haikusimamishwa. Kwenye vitabu vya kampuni kilichozidi ni 60,000, na ndicho kitakachoandikwa kwenye barua. Lakini fedha hizo zilikatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba, kisha zilizobaki zikaangukia tabaka la kodi la asilimia 30. Kwa viwango vya 2025, karibu shilingi 19,800 zilikwenda serikalini, na zilizoingia benki ni kama 40,200. Akirudisha 60,000, atakuwa ametoa theluthi moja ya deni kutoka kwenye fedha alizochuma kihalali, ilhali mwajiri anaweza kurekebisha taarifa yake ya kodi kwa KRA akajirudishia kodi ile ile. Yaani kampuni italipwa mara mbili kwa sehemu hiyo, na aliyelipia ni mtu ambaye hakukosea. Mhasibu mwaminifu akionyeshwa hesabu hii hukubali. Wengi hawakuwahi kuifikiria kwa sababu programu zao huonyesha mshahara kabla ya makato. Ila haki inakata pande zote. Makato yaliyobaki kwa manufaa ya mfanyakazi mwenyewe hayawezi kuhesabiwa kuwa hayakumfikia. Kama, kwa mfanyakazi wa Tanzania, asilimia 15 ya mshahara wa msingi uliozidi ilikwenda kupunguza mkopo wake wa elimu ya juu wa HESLB, au sehemu iliingia kwenye akiba yake ya SACCO, hiyo ni faida yake na yafaa aijumlishe kwenye kiasi anachokubali kurudisha.

Mwajiri huwa na nguvu kubwa pale tu anapokuwa bado ameshika fedha za mfanyakazi, yaani mshahara wa mwisho, malipo ya likizo na kiinua mgongo. Wengi hawaandiki barua kabisa, wanakata tu. Kenya, kifungu cha 19 kinaruhusu kato la fedha zilizolipwa kwa makosa, lakini makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara kwa wakati mmoja. Ndiyo sheria ya theluthi moja inayopaswa kubaki, ambayo wafanyakazi wengi wanaifahamu kwa jina. Tanzania, kato lolote lisilotokana na sheria, mkataba wa pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, amri ya ujira, hukumu ya mahakama au tuzo ya usuluhishi huhitaji idhini ya maandishi ya mfanyakazi. Ndiyo maana karatasi inayosukumwa mezani siku ya kurudisha vitambulisho na funguo, yenye maneno kwamba mfanyakazi anakubali makato yoyote yatakayoonekana stahiki, ni hatari. Mtu asiweke saini kwenye idhini isiyo na kiasi. Na kuna silaha moja ambayo hairuhusiwi kabisa: cheti cha utumishi. Sheria za nchi zote mbili zinamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma, wala hazisemi akitoe baada ya kulipwa anachodai. Kenya kukizuia kwa makusudi ni kosa la jinai. Mtanzania aliyezuiliwa stahili zake za mwisho anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila asikawie, kwa kuwa migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina siku 60 tu tangu ilipozuka.

Sasa tufike kwenye swali gumu zaidi. Dai ni la kweli, hesabu imeonyeshwa, kodi imeondolewa, lakini fedha zimekwisha. Zililipia karo, zililipia kodi ya nyumba, na aliyezitumia aliamini ni zake. Wenye mtazamo wa kihasibu husema kutumia hakubadilishi chochote. Mahakama za Uingereza ziliona tofauti tangu zamani sana, na jambo la kupendeza ni kwamba zilianza na kesi ya mshahara. Mwaka 1825, katika Skyring dhidi ya Greenwood, walipaji wa mishahara ya jeshi walikuwa wamemhesabia meja mmoja wa kikosi cha mizinga nyongeza ambayo hakuistahili. Walijulishwa mwaka 1816 kwamba nyongeza hiyo hailipwi kwa maofisa wa aina yake. Yeye hawakumwambia mpaka 1821. Alipofariki walitaka kuifidia kutoka kwenye fedha zake walizokuwa nazo. Mahakama iliwakatalia, kwa hoja kwamba watu hupanga maisha yao kwa kipato wanachoambiwa kuwa ni chao, na kumgeukia mtu baada ya miaka ya kumwacha aishi kwa kipimo hicho ni kumdhuru. Mwaka 1923 ofisa wa zamani wa jeshi la anga, Markham, aliyelipwa kiinua mgongo kikubwa kuliko stahili yake, alishinda alipodaiwa na wakala wa serikali, Holt, baada ya kuziwekeza fedha hizo katika kampuni iliyoanguka. Mwaka 1983 mwalimu aliyekuwa mgonjwa, Howlett, alilipwa na halmashauri ya Avon zaidi kidogo ya paundi 1,000 kupita kiasi, akiwa amehakikishiwa kwamba anastahili. Alikuwa ametumia takriban nusu, na Mahakama ya Rufani ikakataa dai lote. Mwaka 1991, katika kesi ya Lipkin Gorman, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliweka kanuni iliyo sawia zaidi: aliyepokea kwa nia njema na akabadili hali yake kwa sababu ya fedha hizo analindwa kwa kadiri ya badiliko hilo, wala si zaidi.

Kesi hizo za Uingereza zinatuhusu kwa sababu sheria zetu zenyewe zimezifungulia mlango. Kenya ilipokea kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanzania Bara kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920; Skyring ilikuwa imeamuliwa zamani kabla ya tarehe zote mbili. Kesi za baadaye hazifungi mahakama zetu, lakini mawakili huzitumia kushawishi, na kwa maoni yangu zinastahili kufuatwa. Zingatia hata hivyo mipaka yake. Kutumia mshahara kwa chakula ambacho mtu angekula hata hivyo si kubadili hali. Kinga ipo pale ambapo, bila nyongeza ile, asingechukua hatua aliyoichukua: asingehamia nyumba ya kodi kubwa, asingemwandikisha mtoto shule ile, asingechangia matibabu ya ndugu kwa kiwango kile. Na inadai ushahidi, si maneno matupu.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kinga hii inawatuza wanaojifanya hawakuona. Je, mtu aliyezoea kupokea 400,000 akikuta 4,000,000 kwenye akaunti, atasema aliamini ni zake? Hapana, wala hakuna sheria inayomlinda. Nia njema ndiyo nguzo ya kinga nzima. Ikikosekana, kinga inaanguka yote. Uingereza ilikwenda mbali zaidi mwaka 1984, pale Mahakama ya Rufani, katika shauri kuhusu askari polisi wa kike aliyewekewa benki paundi 74.74 za ziada za mshahara na saa za ziada, ilipotoa jibu kwamba mtu anayejua kosa na kuamua kwa udanganyifu kubaki na fedha anaweza kuwa mwizi chini ya sheria ya huko. Kwa hiyo aliyeona kosa akiwa bado kazini na akanyamaza yuko mahali pabaya, na ushauri ninaompa ni kulitaja sasa, kwa maandishi, na kurudisha. Lakini tusiwahukumu wote kwa kipimo cha nyongeza iliyozidi mara kumi. Nyongeza ya asilimia nane inayokuja mwezi ule ule wa malimbikizo, posho ya usafiri na marekebisho ya kodi ni vigumu hata kwa mhasibu kuitambua kwa kutazama kiasi kilichoingia benki. Hata hoja ya mwajiri mdogo, mwenye duka au chuo cha watoto, ambaye shilingi 300,000 zikipotea anaumia kweli, haivunji msimamo huu. Yeye pia atalipwa anachoweza kukionyesha. Udogo wake unaweza kumfanya mfanyakazi alipe kwa haraka zaidi. Haumwondolei wajibu wa kuonyesha hesabu.

Muda nao una neno. Sheria ya Ajira ya Kenya, katika kifungu kilichotungwa kama cha 90, inatoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na mkataba wa kazi, na mahakama zimekuwa kali katika kukitekeleza. Tanzania, ukomo wa kawaida wa madai ya mkataba ni miaka sita. Dai la kosa la miaka minane iliyopita basi huenda limekwisha kufa. Linaweza kufufuliwa na mfanyakazi mwenyewe bila kujua, kwani sheria za ukomo wa muda za nchi hizi huhesabu muda upya pale mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi au kulipa sehemu yake. Ndiyo sababu ujumbe wa haraka wa simu unaosema nisamehe, nitalipa kidogo kidogo, ulioandikwa usiku ule ule barua ilipofika, unaweza kuwa ghali kuliko mengine yote atakayoyafanya.

Jibu linalofaa ni fupi na la heshima. Liandikwe ndani ya siku zilizotajwa, liseme kwamba barua imepokelewa na kwamba dai linachunguzwa bila kukiri deni, kisha liombe mchanganuo wa mwezi kwa mwezi unaoonyesha kilichostahili, kilicholipwa, kila kato na kiasi kilichoingia benki, pamoja na nakala ya waraka unaothibitisha mshahara halali na maelezo ya namna kosa lilivyotokea na kugunduliwa. Wakati mwajiri anaandaa hayo, mfanyakazi akusanye hati zake za mshahara, taarifa za benki za miezi hiyo, na kama yuko Kenya, fomu zake za P9 za mwaka, ambazo zinaonyesha kodi iliyotangazwa kwa jina lake. Wakili anahitajika kiasi kinapokuwa kikubwa, panapotajwa polisi, au kesi inapofunguliwa. Hati ya mahakama au ya tume haipuuzwi hata siku moja, kwani uamuzi unaweza kutolewa upande mmoja tu ukisikilizwa.

Hesabu ikikubalika, makubaliano ya kulipa yaandikwe. Muda wa haki wa kurudisha, kwa maoni yangu, usipungue muda ambao mwajiri alichukua kulipa kimakosa: aliyezidishiwa kwa miezi kumi bila kosa lake asidaiwe jumla yote kwa siku 14. Makubaliano yataje kiasi baada ya makato, tarehe na kiwango cha kila awamu, kwamba hakuna riba wala gharama za wakili, kwamba mwajiri ndiye atakayerekebisha taarifa za kodi na michango na kumpa mfanyakazi nakala ya marekebisho hayo, na kwamba malipo haya yanamaliza madai yote ya kifedha kati yao kuhusu ajira hiyo. Sentensi hiyo ya mwisho inahitaji tahadhari, kwa sababu inafunga pande zote mbili. Mfanyakazi ambaye bado anadai saa za ziada, likizo isiyolipwa au kiinua mgongo asiisaini kabla hajayaweka madai yake mezani, maana hapo ndipo mahali pa kuyalinganisha: deni la huku litolewe kwenye deni la kule, na tofauti ndiyo ilipwe. Malipo yafanywe kwa benki au kwa simu kwa jina la kampuni, kamwe si kwa akaunti binafsi ya ofisa utumishi, na awamu ya mwisho ikishaingia, aombe barua inayosema deni limekwisha.